Utawala Bila ya Mtawala

Kuna tumaini la kale, ambalo kila kizazi hulivisha nguo mpya, kwamba ipo siku wanaadamu watapata sheria isiyohitaji mtu wa kuisimamia. Sheria ijisimamie yenyewe: isilale, isile rushwa, isimpendelee mtoto wa shangazi, isiogope bunduki. Tumaini hilo si la kipumbavu, na sitaki msomaji adhani kwamba nimekaa kitako kulicheka. Mwenye kulitamani aghalabu huwa amekwisha kuumwa na kinyume chake. Ameona mweka hazina wa chama akijenga nyumba ya pili. Ameona kamati ikikutana kutoa uamuzi uliokwisha kuandikwa. Ameona benki ikianguka na wakubwa wake wakiondoka na marupurupu yao. Si ajabu basi kwamba ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2008, mabenki ya Marekani na Ulaya yakiwa katika mtafaruku mkubwa, ndipo mtu au watu waliojificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto walipotoa waraka wa kurasa tisa ukieleza namna ya kuwa na fedha isiyo na benki.

Ufundi wenyewe, unaoitwa blokucheni, unaweza kuelezwa kwa maneno machache. Ni daftari moja ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta zilizotapakaa duniani. Ukurasa mpya hauongezwi mpaka kompyuta hizo zikubaliane kwa kanuni walizojiwekea, na ukurasa wa zamani haufutwi kwa siri. Hakuna karani mkuu. Mwaka 2015 ukaanza mtandao wa Ethereum, ambao uliruhusu kuandikwa ndani ya daftari hilo si hesabu tu bali hata programu: mikataba inayojitekeleza, ikishatiwa humo haimngojei mwanasheria wala askari. Hapo ndipo suali likaruka kutoka kwenye fedha na kuingia katika siasa. Ikiwa fedha inaweza kwenda bila ya benki, kwa nini chama kisiende bila ya mwenyekiti? Kwa nini wanachama wasipige kura ndani ya daftari, na kura ikishapita, fedha zitoke zenyewe?

Mimi nilifikwa na suali hili kwa njia ya kazi. Kijana mmoja aliniletea waraka wa mradi wa namna hiyo, mradi wa kuweka na kukopa, akitaka niutie katika Kiswahili ili wazee wake waufahamu. Nilikwama katika mstari wa kwanza, penye neno ambalo kamusi zote hulifasiri kuwa «utawala». Waraka ulisema kwamba utawala wa mradi hautakuwa na kitovu, na kwamba hapatakuwa na mtu yeyote mwenye madaraka. Lakini neno letu limekataa kubeba maana hiyo. Tumelichukua katika Kiarabu, tawalla, kulishika jambo na kubeba dhamana yake. Na shina hilo hilo ndilo lililotupa walii anayemwozesha bintiye, liwali aliyekaa katika miji ya mwambao kwa niaba ya Sultani, na mutawalli, yaani mwangalizi wa mali ya wakfu. Katika maneno yote hayo yumo mtu, tena mtu aliye karibu. Humtaji liwali ila utaulizwa: liwali yupi, na amekaa wapi?

Nilikwama pia katika msemo mwingine ambao wapenzi wa miradi hii wanaupenda mno, kwamba msimbo ndio sheria. Kwa Kiingereza msemo huu huteleza vizuri kwa sababu neno lao la msimbo wa kompyuta ndilo hilo hilo la mkusanyiko wa sheria. Msikilizaji anavuka mto bila ya kurowa. Kiswahili kimeyaweka maneno haya mbalimbali, na mfasiri analazimika kusimama ukingoni na kuuliza kama kweli ni kitu kimoja. Mwanasheria wa Kimarekani Lawrence Lessig alipouandika msemo huu katika kitabu chake cha mwaka 1999, aliuandika kwa kutahadharisha: tuangalieni, waandishi wa programu wanatutungia sheria na hatukuwachagua. Waliokuja baadaye wakalitwaa onyo lile wakaligeuza kuwa ahadi.

Ahadi hiyo ilijaribiwa kwa vitendo mwaka 2016, na kisa chake nataka kukisimulia kwa kituo, kwa sababu sijaona kitabu cha falsafa kilichoipanga mas-ala hii vizuri kuliko ilivyojipanga yenyewe katika wiki zile chache.

Mafundi wa kampuni moja ya Kijerumani, Slock.it, waliandika msimbo wa chama walichokiita The DAO na kukitia katika mtandao wa Ethereum. Chama hicho hakikuwa na mkurugenzi, ofisi wala bendera. Mtu alinunua tokeni kwa etha, ambayo ndiyo sarafu ya mtandao huo, na tokeni zake zikawa ndiyo kura zake. Wenye miradi wangeleta maombi, wenye tokeni wangepiga kura, na fedha zingetoka. Walikuwapo waangalizi wachache wenye majina, akiwemo Vitalik Buterin aliyeibuni Ethereum, lakini kazi yao haikuzidi kuhakiki anwani za wanaoomba. Masharti ya chama yalieleza wazi kwamba maelezo ya maneno ni ya kufahamisha tu. Yakigongana na msimbo, msimbo ndio wenye kauli. Mauzo yalifunguliwa tarehe 30 Aprili, na yalipofungwa mwezi wa pili wake, zaidi ya watu 11,000 walikuwa wametia etha zenye thamani ya takriban dola milioni 150. Karibu sehemu moja katika saba ya etha zote za ulimwengu ilikuwa imo katika sanduku lisilo na mlinzi.

Siku moja kabla ya mauzo kufungwa, wataalamu watatu, akiwemo Emin Gün Sirer wa Chuo Kikuu cha Cornell, walitoa waraka wakionesha kasoro za mpango wa kura na kutaka shughuli isimamishwe kwanza. Isimamishwe na nani? Ndilo lililokuwa suali. Chama kilichojivunia kutokuwa na mwenye kukisimamisha, hakikuwa na mwenye kukisimamisha.

Tarehe 17 Juni mtu mmoja, au kikundi, alianza kuzitoa fedha. Njia aliyopitia ndiyo inayonishangaza mpaka leo. Waandishi wa msimbo walikuwa wameweka mlango wa kutokea kwa ajili ya wanyonge: wachache wakishindwa katika kura na wasiridhike, wajitenge na waondoke na fungu lao. Ilikuwa ni sehemu ya insafu kabisa katika mfumo mzima. Lakini mlango huo ulilipa kwanza ndipo ukaandika. Mfikirie muuza duka anayekukabidhi akiba yako kabla ya kuikata katika buku lake. Nawe, kabla kalamu yake haijagusa karatasi, unadai tena, naye anatazama bukuni, anaona akiba yako imo kamili, anakupa tena. Ndivyo zilivyotoka etha milioni 3.6. Msimbo haukuvunjwa. Ulifuatwa neno kwa neno.

Siku ya pili ikasambaa barua ambayo mwandishi wake alidai kuwa ndiye mwenyewe, na kwamba hakuiba kitu: ametumia kipengele kilichomo katika mkataba ambao kila mmoja aliukubali kuwa ndio wenye kauli ya mwisho. Haikuthibitika nani aliyeiandika. Lakini, ndugu msomaji, hoja haimuhitaji mwenyewe ili isimame. Ikiwa msimbo ndio sheria, kwa sheria ipi utamwita mwizi?

Kwa bahati, fedha zile ziliingia katika chama kidogo kilichozaliwa kwa kule kujitenga, na kwa kanuni zile zile hazikuweza kutumika kabla ya wiki kadhaa kupita. Muda huo ndio uliowapa watu nafasi ya kugombana. Rai moja ilisema: daftari hili limeahidiwa kuwa halifutwi na mkono wa mtu, tukilifuta leo kwa ajili ya waliopoteza, kesho tutalifuta kwa ajili ya wenye nguvu. Rai nyingine ikasema: wizi ni wizi, na watu maelfu wasiachwe wakadhulumika kwa ajili ya kuitukuza herufi. Ikaitishwa kura ya maoni kwa etha. Takriban asilimia 87 ya etha zilizopigiwa kura zilitaka fedha zirejeshwe. Ila etha zilizoshiriki hazikufika asilimia 6 ya zote zilizokuwapo. Tarehe 20 Julai, katika bloku nambari 1,920,000, waandishi wa programu na wachimbaji wengi wakahamia katika toleo jipya ambalo lilizihamisha fedha zile na kuziweka mahali ambapo wenyewe waliweza kuja kuzichukua. Wachache wakakataa kuhama. Wakaendelea kuandika katika daftari la zamani, ambamo wizi umebaki kama ulivyotokea, na tawi lao likaitwa Ethereum Classic. Madaftari yote mawili yangali yanaandikwa.

Nani alikuwa na haki? Nimeligeuza suali hili mara nyingi, na rai yangu ni hii. Kurejesha mali ilikuwa ni haki. Aliyepita katika mlango uliosahauliwa wazi hajapewa nyumba, na hakuna mila ninayoijua inayohesabu uzembe wa fundi wa milango kuwa ni idhini ya mwenye nyumba. Lakini waliorejesha waliitenda haki hiyo kwa mkono ambao walikuwa wamewaapia watu kwamba haupo. Hapo ndipo kwenye kosa, nalo halikufanyika mwezi wa Julai bali mwezi wa Aprili, pale ilipoahidiwa kwamba hapana mtawala. Watawala walikuwapo tangu siku ya kwanza: walikuwa wale waliojua kuandika msimbo, wale waliomiliki mitambo, na wale ambao neno lao liliaminiwa na wengine. Kwa kuwa cheo chao hakikutajwa, hakikuwekewa mpaka wala muda wala mahali pa kukishitakia. Liwali asiyetajwa ni liwali asiye na wa kumuuzulu.

Nao waliobaki na daftari la zamani nawaheshimu, kwa sababu walitimiza ahadi ilipokuwa na gharama. Ila gharama yenyewe waliilipa kwa mali ya wengine.

Sisi wapenzi wa ushairi mgawanyiko wa namna hii tunaujua. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, na wengi walishika vina na mizani kwa mujibu wake. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyoshika vina wala mizani, na ugomvi ukawaka magazetini na vyuoni. Hapakuwa na mahakama ya vina. Waliotaka walihama, waliotaka walibaki, na leo matawi yote mawili yanazaa, ingawa mimi mwenyewe ningali nahesabu mizani kwa vidole. Mtu anaweza kusema: basi na iwe hivyo hivyo katika daftari, asiyeridhika ajitenge. Lakini shairi halikushika akiba ya mtu. Ushairi ulipogawika hakuna mjane aliyekuta fungu lake limeangukia upande asioujua. Penye amana, ruhusa ya kuhama haimtoshi mtu, kwani mwenye kuweka amana hakuja kutafuta uhuru wa kuondoka. Alikuja ili akikiacha kitu akikute.

Watetezi wa utaratibu huu hujibu kwamba yale yalikuwa makosa ya utotoni na kwamba misimbo sasa inakaguliwa vizuri zaidi. Inakaguliwa, ni kweli. Ila msimbo usio na kosa bado huacha wazi suali la nani mwenye kura, na katika miradi mingi jibu limekuwa ni lile lile la tokeni: mwenye nyingi ana kura nyingi. Sielewi kwa nini jambo hili linaitwa la kisasa. Tarehe 17 Aprili 2022 mtu mmoja aliukabili mradi wa Beanstalk, ambao kanuni zake ziliruhusu pendekezo kutekelezwa kwa dharura likiungwa mkono na theluthi mbili ya kura. Katika ulimwengu huo kuna mikopo ambayo huchukuliwa na kulipwa ndani ya muamala mmoja, bila ya rehani. Basi akakopa takriban dola bilioni moja, akazigeuza kuwa kura, akalipitisha pendekezo lake mwenyewe la kujikabidhi hazina, akaichukua, akalipa deni, akaondoka. Mradi ulipata hasara ya takriban dola milioni 182. Ni uchaguzi ambamo mpiga kura alikopeshwa uraia kwa muda wa kupepesa jicho, na kila hatua yake ilikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni.

Mwaka 2020, katika mtandao wa Steem, yalitokea ambayo kwangu ni mabaya zaidi ijapokuwa hayakuvuma vile. Tajiri mmoja aliinunua kampuni iliyoanzisha mtandao huo, pamoja na fungu kubwa la tokeni. Wanajumuiya waliokuwa wakiuendesha wakazizuia tokeni zile zisipige kura. Ndipo masoko makubwa ya sarafu, ambayo wateja walikuwa wameweka tokeni zao humo kama amana, yalipopiga kura kwa tokeni za wateja hao, na wale waendeshaji wakaangushwa. Masoko hayo baadaye yaliziondoa kura zao, na sehemu ya jumuiya ikajitenga na kuanzisha mtandao wake, Hive. Mwenye amana aliitoa akiba yake ihifadhiwe, ikaenda kumpigia kura mtu asiyemjua katika ugomvi asiousikia.

Tuna katika mwambao wetu jambo moja linalokaribia kuwa hati inayojisimamia, nalo ni wakfu. Mtu huzuilia mali yake, shamba la minazi au nyumba ya mjini, akaandika manufaa yake yaende wapi: msikiti, kisima, mafukara, wajukuu. Akishakufa, neno lake linaendelea kutoa amri. Mafakihi wana kauli mashuhuri kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu ni kama matini ya sheria yenyewe. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ni makali mno katika kuzuia mali hiyo isibadilishwe. Msimbo gani basi ulio mgumu kuliko huo?

Hata hivyo mafakihi hao hao hawakuiacha hati peke yake. Kila wakfu una mwangalizi, na asipotajwa katika hati, jukumu humwangukia kadhi. Kisima kikikauka, nyumba ikiporomoka, aliyetajwa akikosekana, kuna mtu wa kuulizwa na kuna aliye juu yake. Wengine wao walihini, na nyumba za wakfu zilizoliwa na waangalizi ni hadithi ndefu ambayo wenyeji hawahitaji kusimuliwa. Hapo ndipo nguvu ya hoja ya vijana wetu ilipo, na sina jibu la kuwanyamazisha. Mwangalizi anaweza kuwa mwizi. Ila mwangalizi mwizi ana jina, na baraza huweza kumwita. Hata upatu wa mtaani, ambao hauna hati, una kijumbe, na kila mwanachama anaijua nyumba ya kijumbe.

Kutokuwa na jina hakukuwa kinga mbele ya dola pia. Septemba 2022 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya bidhaa za baadaye iliishitaki Ooki DAO. Kwa kuwa haikuwa na ofisi wala mkurugenzi wa kupelekewa hati, mahakama iliridhia wito ufikishwe, miongoni mwa njia nyengine, kupitia kisanduku cha maongezi cha msaada kilichokuwa katika tovuti yake. Hakutokea mtu kujitetea. Juni 2023 hukumu ikatoka kwamba jumuiya hiyo inashitakika kama chama chochote kisichosajiliwa, na ikatozwa zaidi ya dola 640,000. Walioshika tokeni kwa kuamini kwamba hawakuwa viongozi wa kitu chochote walikuwa na sababu ya kukaa na kufikiri upya.

Kwa hiyo kijana nilimfasiria waraka wake, nikautumia «uendeshaji» pale alipotaka «utawala», maana sikuweza kuandika nisichokisadiki. Pembeni nikamuandikia masuali ambayo nadhani mradi wowote wa namna hii unapaswa kuyajibu kabla ya kupokea shilingi ya mtu. Siku msimbo utakapotoa jibu ambalo kila mwenye akili anaona kuwa ni dhulma, nani ana ruhusa ya kuusimamisha? Ni wangapi, na lazima wakubaliane wangapi? Ruhusa yao inakwisha lini? Wakiitumia vibaya, mwanachama mwenye tokeni moja atakwenda wapi?

Wapo walioanza kuyajibu. Mtandao wa Arbitrum, ulioweka katiba yake mwaka 2023, uliunda baraza la usalama la watu 12, majina yao yakajulikana, nusu yao wakichaguliwa kila baada ya miezi sita. Katika dharura, 9 kati yao wakitia saini wanaweza kuubadilisha msimbo bila ya kungojea kura, na katiba inawalazimisha kutoa maelezo kamili baadaye. Kuna wenye itikadi kali wanaoliona baraza hilo kuwa ni usaliti wa asili ya jambo lenyewe. Mimi naliona kuwa ni mara ya kwanza jambo lenyewe kusema kweli, ingawa wajumbe hao bado huchaguliwa kwa kura za tokeni, mwenye nyingi mbele, na tatizo hilo hawajaligusa.